Fimbo na Rili Zisizoendana

Mke wangu alininunulia fimbo ya kuvulia samaki kwa sababu nilizaliwa magharibi. Kwao Ukambani waliamini kwamba mtu yeyote anayetoka upande huo wa nchi, ukimtikisa, anadondosha magamba. Nilimweleza mara nyingi kwamba kwetu ni mlimani, kwamba kuna chai, mahindi na mawe, na kwamba samaki niliowajua utotoni walitufikia wakiwa wakavu ndani ya kikapu cha mama mmoja aliyewatembeza sokoni.

"Mlima hauna mto?" aliniuliza.

Upo.

"Basi," akasema, na kesi ikaishia hapo.

Tulikaa Nairobi, mtaa wa Kware, ghorofa ya tano, katika jengo ambalo maji ya mfereji huja yakijisikia. Maji tuliyokuwa nayo yalikaa ndani ya mitungi ya njano kando ya mlango, na sikumbuki mtu aliyewahi kutupa ndoana humo. Lakini yeye hakuwa mtu wa kuzuiwa na jambo dogo kama ukosefu wa maji. Fimbo aliipata soko la Muthurwa, kwa muuzaji wa mitumba aliyekuwa na viatu vya kuteleza kwenye barafu, raketi zisizo na nyuzi, na vitu vingine ambavyo watu wa ng'ambo huvichoka. Alikuja nayo imefungwa kwa leso, akanikabidhi mlangoni kama anayekabidhi mtoto mchanga. Baadaye akapata rili, ile ya kukunjia mshipi, kwa muuzaji mwingine kabisa. Aliinunua kwa sababu iling'aa. Ilikuwa nyekundu, nzito, ya mviringo kama yai, na ukizungusha mkono wake ilitoa sauti ya saa ya ukutani.

"Ile fimbo sasa imepata mwenzake," akasema.

Haikuwa imempata. Kuna rili zinazoning'inia chini ya fimbo, na mshipi wake hutoka ukijizungusha kwa mizunguko mikubwa, ndiyo maana pete ya kwanza ya fimbo za namna hiyo ni pana kama bangili. Na kuna rili zinazokaa juu ya fimbo, mshipi wake hutoka umenyooka, nazo hutaka vipete vidogo, vingi, vilivyopangwa upande wa juu, pamoja na kitu cha kushikia kidole chini ya mpini ili fimbo isikugeukie mkononi. Fimbo yetu ilikuwa ya aina ya kwanza na rili yetu ya aina ya pili. Nilipoifunga, ilikaa pale kama mgeni aliyekosea nyumba na anaona haya kuondoka. Nikamwambia mke wangu.

"Haziendani."

"Watu wangapi hawaendani na wanakaa nyumba moja?"

"Hizi haziwezi kufanya kazi pamoja."

"Kwani mimi na wewe tunafanya kazi gani pamoja?"

Alikuwa akifuma kitambaa cha kochi na hakuinua macho. Tulikuwa na kochi moja na vitambaa vya kutosha ukumbi wa harusi. Nilisema siku moja nitaibadilisha fimbo ifae rili. Alisema sawa. Fimbo ikasimama nyuma ya mlango pamoja na ufagio, rili ikapanda juu ya kabati, na kila mgeni aliyeuliza aliambiwa kwamba mwenye nyumba ni mvuvi.

Aliugua wakati wa baridi na hakuziona mvua. Sitaeleza zaidi. Waliofiwa wanajua, na wengine watajua kwa wakati wao.

Tulimzika kwetu mlimani kama desturi inavyotaka, mbali sana na kwao. Ndugu zake walikuja kwa basi, wakaimba vizuri kuliko sisi. Dada yake mkubwa aliposimama kusoma wasifu alisema kwamba marehemu alimpenda sana mumewe, mvuvi. Watu wa kwetu walitazamana, kisha wakanitazama mimi. Nilitazama jeneza. Sikuona kama ilikuwa saa ya kusahihisha mtu.

Kabla hawajapanda basi, shemeji huyo aliniita pembeni.

"Shemeji, tutakuja kwa ajili ya vitu vyake. Baada ya kuvuna mbaazi."

Nilijua anachosema, kwa kuwa mke wangu alikuwa amenieleza desturi hiyo zamani, tukicheka. Katika ukoo wao vitu alivyojinunulia mwanamke kwa jasho lake, akifa, hurudi kwa dada zake. Vitu alivyompa mumewe hubaki kwa mumewe, ila kwa sharti: viwe vimetumika. Zawadi isiyotumika bado iko mkononi mwa aliyeitoa. Shati ambalo halijavaliwa ni lake. Kiatu ambacho hakijaona vumbi ni chake. Mashati aliyonipa niliyavaa mpaka kola zikaisha, na saa aliyonipa niliivaa mpaka ikasimama yenyewe. Lakini fimbo haikuwahi kugusa hata maji ya mtungi. Kwa hesabu ya ukoo wao, fimbo ilikuwa yake, na kwa hiyo ilikuwa yao.

Hatukujaliwa mtoto. Mtu akifiwa na mke bila mtoto, vitu vikishagawanywa, hubaki mtu tu aliyewahi kuoa mahali fulani. Nilijua hivyo, na sikuwa na la kulifanya. Ila fimbo niliitaka. Sikutaka kuvua. Nilitaka isimame nyuma ya mlango niendelee kuikwepa kila ninapochukua ufagio.

Ningeweza kuwaambia kwamba nimeitumia. Nani angekwenda kuwauliza samaki? Lakini uongo hunikwama kooni kama mwiba. Basi ikabidi niitumie kweli, na ili niitumie ikabidi kwanza niibadilishe.

Kwenye simu nilimpata mzee wa ng'ambo mwenye ndevu nyeupe anayeonyesha namna ya kufanya hivyo. Alikuwa na karakana, taa za kila upande, na kimashine cha kuzungusha fimbo. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi na cha kiwandani, lakini nilimwelewa aliposema kwamba hii ni kazi ya alasiri moja na mtu yeyote anaiweza. Ilinimalizia sehemu nzuri ya msimu wa mbaazi.

Kwanza nilikata nyuzi za zamani kwa wembe na kulainisha gundi yake kwa moto wa mshumaa, pete zikaanguka moja moja. Fimbo ikabaki uchi. Mzee wa kwenye simu alisema kila fimbo ina uti wa mgongo: ukiikunja huku ukiivingirisha, itaruka mahali fulani, na hapo ndipo utajua vipete vikae upande gani. Nilikunja, nikavingirisha. Sikuhisi kitu kikiruka ila goti langu. Nikachagua upande nilioudhani.

Nilirudi Muthurwa kutafuta vipete vidogo. Muuzaji alikuwa na kipande cha juu cha fimbo iliyovunjika, chenye vipete vyake vyote.

"Kastoma, hii ni orijino. Lakini kipande utafanyia nini? Fimbo nzima unayo?"

"Ninayo."

"Ina shida gani?"

"Iliozwa vibaya."

Akacheka, akaifunga kwa gazeti. "Mzee, wewe huvua wapi?"

"Kware."

"Kware hii yetu? Kware kuna samaki?"

"Bado sijajua."

Cha kushikia kidole nilikichonga kutoka mpini wa mwiko. Mwiko huo ulinivunjikia nilipoanza kujipikia, kwa sababu nilisonga ugali kama mtu anayegombana. Mbao yake ilikuwa ngumu na laini kwa wakati mmoja, na ilichongeka vizuri. Vipete nilivifunga kwa uzi wa kufumia, wa rangi ya damu ya mzee, niliouchukua katika mfuko wake wa kazi. Kulikuwa na kibonge kizima ambacho hakijaguswa. Nilizungusha uzi, nikabana, nikazungusha, kila mzunguko ukilala ubavuni mwa mwenzake. Jioni zilipita vizuri kidogo. Ile pete pana kama bangili haikuwa na kazi tena, nikaiweka ndani ya kikombe.

Ikabaki gundi ya kufunika nyuzi. Huchanganywa kutoka mirija miwili, hutiririka kama asali, na hukauka polepole. Ukiacha kuzungusha fimbo kabla haijashika, gundi hukusanyika upande mmoja na kuning'inia kama kamasi. Sikuwa na kimashine. Nililaza fimbo juu ya viti viwili vya plastiki, nikaketi katikati, nikaanza kuizungusha kwa vidole. Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Nilidhani nimechagua saa tulivu.

"Hodi!"

Walikuwa akina mama wa kanisa, wamekuja kunifariji. Mbele alikuwa mwenyekiti wao, na nyuma yake jirani yangu wa ghorofa ya tatu, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kuumwa.

"Karibuni," nikasema. "Mtanisamehe, siwezi kusimama."

Waliingia, wakaketi kwenye vitambaa. Kwa muda kila mtu alitazama fimbo ikizunguka.

"Baba," jirani akauliza, "unachoma nini?"

"Sichomi. Ninakausha."

"Unakausha fimbo?"

"Gundi."

"Huzuni ina njia nyingi," mwenyekiti akasema kwa upole.

"Hata hii ni njia?"

"Mama, nyamaza tuombe."

Wakaanza kuomba. Niliinamisha kichwa na kuendelea kuzungusha. Mwenyekiti aliomba nipewe utulivu, aliomba mikono yangu ipate kazi yenye faida, na hapo nikahisi jirani amefungua jicho moja.

"Sogea nikushikie," akaninong'oneza, "wewe ukawawekee watu chai."

"Polepole. Usisimamishe."

"Niache. Mbuzi niliowazungusha mimi kwenye moto, wewe unawajua?"

Kwa hiyo ombi la utulivu wangu liliendelea huku jirani akizungusha fimbo yangu kama mbuzi wa harusi, na mimi nikitafuta majani ya chai katika makopo ambayo mke wangu aliyapanga kwa akili yake mwenyewe. Niliyapata kwenye kopo la mwisho. Nilikaa huko jikoni zaidi ya chai ilivyohitaji. Kufikia jioni jengo zima lilikuwa na habari kwamba yule mfiwa wa ghorofa ya tano amepoteza netiwaki.

Gundi ilishika vizuri, isipokuwa mahali pamoja palipo na alama ya kidole kinene. Si changu.

Sasa kuitumia. Nilipanda nayo juu ya paa, penye matangi na kamba za nguo, nikaweka beseni mwisho wa paa, nikalijaza maji kidogo ili jambo lisiwe la uongo mtupu. Nilifunga ndoana na risasi ya kuipa uzito. Rili ya kukaa juu hutaka uibonyeze kwa kidole gumba mara tu risasi inapotua. Usipoibonyeza huendelea kuzunguka ingawa mshipi umekwisha kusimama, kama msemaji wa matangani asiyeona kwamba watu wameanza kutafuta viatu vyao. Mara ya kwanza mshipi ulijikunja ndani ya rili kama stilwaya ya kusugulia sufuria. Nilikaa juu ya tofali, nikaufumua. Mara ya pili vivyo hivyo. Niliporusha tena nilibonyeza vizuri, nikasikia mshipi ukipita katika vile vipete kwa sauti nyembamba, safi, bila kugusa mwili wa fimbo. Fimbo na rili zilikuwa zinaendana. Nilitaka kumwambia mtu.

Risasi ilipita juu ya beseni, ikapita juu ya kamba ya kwanza, ikatua kwenye kamba ya pili. Nilivuta. Kitu kikubwa kilivuta upande wake. Nikazungusha mkono wa rili, na blanketi la maua likashuka kwenye kamba na kuanza safari kuja kwangu, likifagia vumbi lote la paa.

"Wee! Baba!" Jirani wa ghorofa ya tatu alikuwa amesimama mlangoni mwa ngazi na karai la nguo. "Blanketi langu linakwenda wapi?"

"Linakuja huku."

"Linakuja huku! Na anajibu! Nimelifua kwa maji ya mtungi mimi, mitungi niliyopandisha kwa mgongo huu!"

"Nitalifua, mama."

"Na utalifua. Na utalianika. Na hako kamti kako kakae mbali na nguo za watu!"

Nililifua kwa maji yangu. Lilikuwa zito kuliko samaki yeyote niliyemfikiria.

Shemeji alikuja baada ya mbaazi kama alivyosema, na mfuko wa mbaazi begani. Nilimpa kiti. Jirani, aliyemwona akipanda ngazi, alipanda naye ili apate kumpa pole, na baada ya kumpa pole hakuona sababu ya kuondoka. Tulitoa vitu. Magauni, viatu, sufuria, mfuko wa kazi, vitambaa vyote. Shemeji alikunja kila kitu taratibu. Mara moja alinusa leso, kisha akaikunja nayo. Kochi likabaki sponji tupu. Halafu akatazama nyuma ya mlango.

"Na hii?"

"Alinipa."

"Najua alikupa. Imetumika?"

"Imetumika."

"Umevua?"

"Sijavua samaki."

"Sasa umevua nini?"

"Blanketi langu!" jirani akasema. "Mama, usimwonee. Imetumika mpaka imenitumia mimi. Ulizeni jengo lote!"

Shemeji alimtazama, akanitazama. "Ulikuwa unavua wapi, shemeji?"

"Juu ya paa."

Hakucheka. Aliichukua fimbo, akaikalisha magotini, akaipapasa kutoka ncha mpaka mpini kama mtu anayekagua mguu wa mbuzi. Kidole chake kilisimama kwenye uzi.

"Huu uzi."

"Ni wake."

"Ulikuwa umeanzwa?"

"Ulikuwa mpya." Nilikuwa nimeanza kuona. "Ulikuwa wenu. Sikufikiri."

"Na hiki?"

"Mpini wa mwiko."

"Mwiko aliouchonga baba. Alimpa siku ya kuondoka nyumbani."

"Ndiyo. Ulivunjika nikisonga."

"Vipete?"

"Vipete nilinunua."

"Kwa hiyo wewe," akasema, "una vipete."

Jirani alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaufunga bila kusema. Nilikuwa nimehangaika msimu mzima kuifanya fimbo iwe yangu, na nilivyokuwa nikihangaika ndivyo nilivyokuwa nikiijaza vitu vyao. Nikaona heri nimalize yote. Nilikwenda jikoni, nikaleta kikombe, nikamtolea ile pete pana.

"Na hii pia. Ilikuwa kwenye fimbo. Haikutumika."

"Ya nini?"

"Sijui. Lakini ni yenu."

Aliitazama pete kiganjani, akaitia ndani ya pochi yake. Mbaazi zilikuwa zimemwagika kidogo sakafuni, na jirani akaanza kuziokota ili asionekane anasikiliza.

"Fimbo ni yako," shemeji akasema hatimaye. "Rili ni yako. Uzi na mwiko ni vyetu, na siwezi kuvibandua bila kuharibu kazi. Kwa hiyo samaki wa kwanza ni wetu. Umlete mwenyewe, kwa mkono wako."

"Samaki wa Kware?" jirani akauliza kutoka sakafuni.

"Wa Masinga. Bwawa liko karibu na kwetu. Dada yangu alisema ameolewa na mvuvi, na mimi nikasimama mbele ya watu nikasoma. Sitaki kuwa mwongo kaburini."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kwenda Ukambani. Napanda basi na fimbo imefungwa kwa leso ileile, kwa sababu hiyo leso alinirudishia. Nafika, nasalimia wazee, wananiuliza habari za Nairobi, nashuka bwawani. Ni maji mengi, tulivu, yenye rangi ya chai ya maziwa. Narusha. Mara nyingi hakuna kitu. Narudi nikiwa nimeungua na jua, na shemeji ananingoja uani.

"Samaki wetu yuko wapi?"

"Bado."

"Haya. Nawa mikono." Na anachinja kuku. Wamechinja kuku wengi kwa sababu ya samaki huyo mmoja. Mkwe wangu mzee, yule mchongaji, huishika fimbo na kuangalia kile kipande cha mwiko, na kila mara husema kwamba nimekichonga vibaya. Kweli nimekichonga vibaya.

Safari iliyopita mshipi ulikwenda chini nikiwa sitazami. Fimbo ilipinda, vipete vikashika, uzi wa damu ya mzee ukashika, kidole changu kikabana kwenye mwiko. Nilizungusha rili mpaka tilapia akalala kando ya miguu yangu, akifungua na kufunga mdomo. Alikuwa samaki wa kwanza maishani mwangu. Nilimshika kwa mikono miwili, nikamtazama, nikatazama njia ya kupanda nyumbani kwao. Nilifikiri juu ya kumpeleka, na juu ya siku itakayofuata baada ya kumpeleka. Halafu nikachuchumaa, nikamrudisha majini.

Shemeji alikuwa uani akipepeta mbaazi.

"Samaki wetu yuko wapi?"

"Nilimpata. Nikamwachilia."

Ungo ukasimama. "Ukamwachilia?"

"Ndiyo."

"Alikuwa mdogo?"

Nilinyoosha mikono mbele yangu, nikaitenganisha mpaka pale ilipokuwa kweli, si zaidi wala si pungufu. Alitazama nafasi iliyokuwa kati ya mikono yangu kwa muda.

"Huyo ni mdogo," akasema, akaweka ungo chini, akaenda kumkamata kuku.